Viti Vyekundu, Hema la Kijani

Hapa Nzahaha, Rwanda, harusi haianzi na posa, inaanza na viti. Mahari inaweza kujadiliwa hata watu wakiwa wima, lakini mgeni aliyetoka Kamembe na suti yake hasimami. Ndiyo maana ushirika wa kwetu, wenye hema, viti vya plastiki, jenereta na spika, una nguvu kuliko mshenga yeyote. Na ndiyo maana tulishangilia vijana walipotuletea kalenda ya kwenye simu. Kila kifaa kina mstari wake, kila siku ina kisanduku chake. Kijani, kipo. Nyekundu, kimeshachukuliwa. Daftari la zamani, lenye madoa ya chai, likastaafishwa bila hata hotuba.

Viti ndivyo vilivyoanza vituko. Hema ni moja, ama limechukuliwa ama halijachukuliwa. Viti ni mia mbili, lakini kalenda iliviona kuwa kitu kimoja. Bibi mmoja akakodi kumi na viwili kwa ubatizo wa mjukuu, mstari wote ukageuka mwekundu. Viti mia moja themanini na vinane vikashinda stoo vimepandana, huku mimi na shemeji tukipanda na kushuka vilima kuazima mabenchi ya kanisa. Nikampigia kijana wa kompyuta.

“Mzee, shikamoo. Mfumo unasema viti vimeisha.”

“Marahaba, mwanangu. Mimi niko dirishani hapa, naviona.”

Akanyamaza kidogo. “Basi visogee mbali na dirisha, Mzee, visikuchanganye.”

Baadaye waliweka tarakimu mahali pa rangi: vimebaki kadhaa kati ya mia mbili. Ningependa kumpa mkono aliyebuni hilo.

Halafu ikaja saa. Kalenda ilikuwa imewekwa majira ya Nairobi, na sisi tuko nyuma ya Nairobi kwa saa moja, sawa na Bujumbura na Bukavu. Mwenye harusi aliandika jenereta ianze 14:00. Simu ya dereva, inayojua iko Rwanda, ikasoma 13:00. Jenereta ikafika mapema, watu wakasifu, kumbe na kuondoka ilikuwa iondoke mapema vilevile. Bibi harusi yuko katikati ya ngoma, spika zikakata, dereva anazungusha waya mkononi na kuomba radhi kwa adabu zote. Mjomba kutoka ng'ambo ya mto Ruzizi, ambaye simu yake ilifuata saa za Kinshasa, alifika akiamini amewahi. Marekebisho yalikuwa kuchagua Kigali kwenye orodha ya miji, kazi ya dakika moja. Nimeambiwa kwamba katika kumbukumbu ya majira inayotumiwa na kompyuta nyingi duniani, Kigali ni jina la pili tu la saa ya Maputo. Sina ugomvi na Msumbiji, ilimradi jenereta ibaki.

Lakini kilichonikera zaidi ni ule ukijani wenyewe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kalenda ilimeta kama jani la mgomba tangu alfajiri. Familia moja ikakodi hema lipelekwe saa mbili asubuhi. Saa mbili asubuhi ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii! Barabara kimya, maduka yamefungwa, na dereva wa lori yuko mtaroni na jembe pamoja na sisi wengine. Kalenda haikudanganya, maana kweli hakuna aliyekuwa ameandika jina. Ila ilichukua kisanduku kitupu ikakiita nafasi. Hata wiki inayoanza Aprili 7, ya kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, ilikuwa imekaa kijani, wakati hakuna nyumba hapa ingethubutu kupiga ngoma ya harusi. Mwenyekiti wa ushirika aliifunga kwa rangi ya kijivu siku hiyohiyo, na hakuna aliyetania.

Siku hizi watu huangalia simu kwanza, kisha humpigia mzee wa ufunguo wa stoo kuuliza kama ni kweli. Vijana wakaona bora naye awe na mstari wake, chini ya spika. Alipoonyeshwa, alivaa miwani akatazama kwa muda mrefu.

“Nani kanipaka kijani Jumapili?”

“Ni mfumo, Babu. Hujakodiwa.”

“Jumapili naenda Bugarama kununua mchele. Na ufunguo naenda nao.”