Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Aliyetuletea Kihispania kwa Pikipiki

Kwa Bwana Mkurugenzi Mkuu wa chuo chetu, Kasongo, Maniema, Kongo.

Bwana Mkurugenzi,

Mimi ni mtoto wa Kabambare, mwanafunzi wako wa mwaka wa pili, yule aliyelipa pesa ya kozi mara mbili kwa sababu risiti ya kwanza ilinyeshewa. Jina la chuo silitaji. Wewe unalijua, na wanaokidai mshahara wanalijua zaidi. Nakuandikia kukushukuru kwa kozi ya mkazo ya Kihispania kwa wanaoanza, na kwa kuwa mlango wa ofisi yako hufunguliwa siku ambazo hatujapata kuzijua, shukrani zangu naziweka hadharani.

Tangazo lilibandikwa Ijumaa. Saa 45, kredi 3, ngazi A1, mkazo. Kuhusu kredi sina swali; dukani nikiiomba nafukuzwa, chuoni napewa tatu kwa mpigo, ingawa sijaona sabuni inayonunuliwa nazo. Kilichotuchanganya ni neno mkazo. Tulidhani ni njia mpya ya kufundisha, imetoka Ulaya pamoja na huu mfumo wa shahada wa LMD. Kumbe mkazo ni pikipiki. Profesa mgeni alitoka Kindu, kilomita zaidi ya 200 za tope, na dereva wake alikubali kumsubiri mpaka Jumamosi, basi. Saa 45 zilipaswa ziishe kabla dereva hajawasha.

Piga hesabu mwenyewe: saa saba na nusu kwa siku, siku sita. Jumatatu asubuhi tulisema hola. Jumatatu jioni tulikuwa tumeshapewa wakati uliopo wa vitenzi vya aina tatu. Jumanne mvua ilipiga mabati muda mrefu hivi kwamba profesa aliacha kusema, akaandika ubaoni tu, sisi tukanakili. Vitenzi vya Jumanne mpaka leo navijua kwa macho, masikio hayajavisikia. Alhamisi tulizikwa katika wakati uliopita. Jumamosi saa nane mchana tukafanya mtihani, pikipiki ikinguruma chini ya dirisha.

Profesa simlaumu. Alifika na tope mpaka kwenye nyusi, akafundisha amesimama kwa sababu kukaa kulikuwa kumemshinda, na hakuna siku aliyochelewa.

Sasa tuje kwenye silabusi. Uliweka sharti: asiyeinunua, jina lake halitokei kwenye orodha ya mtihani. Tukanunua. Ilikuwa kopi ya kopi ya kopi. Mashine ya fotokopi pale sokoni inatembea kwa jenereta, na jenereta ikikaukiwa, maandishi nayo hufifia. Kilichopotea kwanza ni kile kiwimbi kidogo ambacho Wahispania hukiweka juu ya herufi n. Utasema kiwimbi ni kitu gani. Año, yenye kiwimbi, ni mwaka. Kiondoe, neno linakuwa ile sehemu ya mwili ambayo mtu huikalia, tena si kwa jina lake la adabu. Na Wahispania umri hawausemi kwa kuwa, wanausema kwa kuwa na: nina miaka kadhaa. Basi wanafunzi wako 38, mmoja baada ya mwingine, walisimama wakamsomea profesa kwa heshima zote kwamba wanazo 21, wanazo 22, wanazo 24. Mama mmoja wa kwaya ya kanisa alitangaza kwamba anazo 31. Mimi nilisema zangu 23 kwa sauti kubwa, maana kwetu Kabambare mtoto hufundishwa asinong'one mbele ya mwalimu. Profesa alifunika uso kwa silabusi yake, ambayo ilikuwa na viwimbi vyote.

Lakini hilo ni kosa la jenereta. Lako ni kurasa nne za mwanzo. Zimeandikwa kwa Kifaransa, na kazi yake ni kuonya: u ya Kihispania isitamkwe kama ya Kifaransa, e isimezwe mwishoni mwa neno, herufi za mwisho zisiachwe kimya. Bwana Mkurugenzi, darasani mle hakukuwa na mtu mwenye u ya Kifaransa. Tuliitafuta miaka 12 ya shule, tukachongoa midomo, tukachapwa, hatukuipata. Leo tumelipa pesa tuonywe tuitupe. Irabu za Kihispania ni tano: a, e, i, o, u. Ni zilezile ambazo mama yangu anamwitia mbuzi. Sauti huelemea mara nyingi silabi ya pili kutoka mwisho, mesa, casa, hermano, vilevile tunavyosema Kasongo, tunavyosema Kabambare. Ile n ya kiwimbi ni ny ya nyama. Asubuhi nzima ya Jumatatu iliteketea tukitibiwa ugonjwa ambao hatuna.

Ukurasa wa 11 unashangaa kwamba Mhispania anaweza kusema hablo bila kutaja "mimi", kwa kuwa kitenzi chenyewe kimembeba mtu. Kwa Mfaransa hilo ni ajabu, nakubali. Kwa anayesema ninasema, unasema, anasema, ajabu iko wapi? Wao mtu wanamfunga mkiani mwa kitenzi, sisi tunamfunga kichwani.

Ijumaa ndiyo iliyonikera. Profesa alivuta pumzi, akatuambia sasa tunafika kwenye mlima ambao huwashinda wengi, na kwamba kwa kawaida wanaoanza hawapelekwi huko, ila programu imeandika na programu ni yako. Akaandika: quiero que hable. Nataka aseme. Anasema ni habla. Aseme ni hable. A ya mwisho imegeuka e. Darasa likanyamaza. Mama wa kwaya akainua mkono: "Bwana Profesa, mlima wenyewe uko wapi?" Silabusi haikuwa na jibu, ilikuwa na jedwali la kurasa mbili lenye maelezo ya Kifaransa, kwa ajili ya watu ambao kwao jambo hili ni gumu kweli. Najua, vitenzi vyao vinavyoishia -er na -ir hugeuka kinyume, e na i zikawa a. Sawa. Hapo tungejikwaa, lakini tungejikwaa tukiwa tumeshaingia ndani ya nyumba.

Kuna mahali pamoja ambapo Kiswahili chetu kilinitumbukiza shimoni, nalo nalisema ili usidhani najisifu tu. Kihispania kina "kuwa" mbili: ser ya kusema mtu ni nani, estar ya mahali alipo na hali aliyo nayo. Kiswahili cha vitabuni kinafanya karibu hivyohivyo: mimi ni mwanafunzi, niko Kasongo. Somo la dakika kumi. Ila sisi wa Maniema, wenye Kingwana chetu, tumeshaziunganisha zamani. Niko mwanafunzi, niko mugonjwa, niko hapa. -Ko moja inabeba yote, kama baiskeli ya muuza mawese. Watu wa Dar es Salaam wakitusikia wanacheka. Wacheke. Kwenye mtihani nikaandika Estoy estudiante, nikakatwa pointi tatu, na nilistahili. Lakini siku sita zile hakuna aliyeniambia maneno haya manne: hapo weka tu ni. Angewezaje, ikiwa Kiswahili kimekatazwa darasani na tangazo lenye mhuri wako liko juu ya ubao?

Kuna wakati tangazo lile lilikuwa linatuchekesha. Jumatano jioni profesa aliaga: hasta mañana. Nikashtuka kwenye benchi. Hasta ni hata! Waarabu walioingia Hispania mwaka 711 waliwaachia neno lao la "mpaka"; Waarabu na Waswahili wa pwani waliofika huku na akina Tippu Tip katika karne ya 19 wakatuachia lilelile. Sukari na azúcar wamezaliwa tumbo moja. Alcalde, meya wao, ni kadhi aliyehama mji. Meza na bendera tulizipata kwa Wareno, nao majirani zao wanasema mesa na bandera. Nilianza kuorodhesha nyuma ya daftari, ukurasa ukajaa, na kila neno nililoandika lilikuwa linavunja sheria yako.

Pedro na Marta, wale wahusika wa silabusi, wanakaa Madrid, wanapanda metro, na ukurasa wa 19 wanaagiza paella. Maelezo ya chini yanasema ni chakula cha kigeni ambacho mwanafunzi ajaribu kukiwazia. Ni wali, Bwana Mkurugenzi. Wali na samaki. Mpunga Waarabu waliupanda Hispania, misafara ya pwani ikauleta Maniema, na hapa Kasongo mgeni akija ndio anaopikiwa. Darasa zima lilikaa likiwazia kitu kilichokuwa kinatokota nyuma ya ukuta, jikoni kwa mlinzi.

Wapo waliouliza Kihispania kitatufikisha wapi. Nchi ya Afrika ambako ni lugha rasmi ya dola ni Guinea ya Ikweta, na kutoka Kasongo mpaka Malabo ni mbali. Ingawa mvua ikinyesha, Kabambare nako ni mbali vilevile. Wengine wakasema ni kwa ajili ya mpira, maana vijana wa hapa wanawajua wachezaji wa Barça na Real kuliko wanavyomjua mbunge wao. Mimi sikuuliza. Kwetu Kabambare neno la Kihispania tulilokuwa nalo kabla yako ni El Dorado, na hilo nalo tumelipa jina la Namoya, kule kwenye machimbo ya dhahabu, tunakwenda kulichimba.

Na tafadhali usiandike tena kwenye tangazo kwamba Kihispania kinafika pande hizi "kwa mara ya kwanza". Uasi wa Simba ulipita Kasongo na Kabambare mwaka 1964. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Aprili 1965, Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kuja kuwasaidia waasi hao, akatua Kibamba upande wa Fizi, na Wakuba nyuma yake. Kihispania chao hawakukiandalia silabusi. Walichukua kamusi ya Kiswahili wakajipa namba ziwe majina: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, Che mwenyewe akawa Tatu. Tazama ufundi huo. Kila walipoitana, walikuwa wanarudia somo la kwanza. Kisha Tatu akapewa mwalimu wa Kiswahili, kijana wa miaka 16, Freddy Ilanga, ambaye hakuwa na ubao, hakuwa na chaki, na hakumwuzia mtu kopi ya kopi.

Sisemi walifaulu. Tarehe 29 Juni walishambulia kituo cha umeme cha Bendera, wakapigwa, wakaacha maiti. Sijui kama kuna aliyepata nafasi ya kutambua kwamba jina la mahali pale alikuwa nalo kwao. Tarehe 21 Novemba walirudi ziwani wakaondoka, na Che aliandika kwa mkono wake kwamba safari ile ilikuwa ni kushindwa. Ni uungwana ambao ripoti ya kozi yetu, uliyoibandika Jumatatu iliyofuata yenye "mafanikio 100 kwa 100", haikuufikia. Ilanga yeye alipelekwa Kuba. Kihispania alikijifunzia huko, akasomea udaktari kwa lugha hiyo, akawa mpasuaji wa ubongo wa watoto, akafia huko mwaka 2005. Mtu aliyejifunza Kihispania kwa mkazo kutoka upande huu wa nchi, mimi namjua huyo mmoja, na kozi yake ilimchukua maisha yote.

Mimi nilipata 9 kwa 20. Nimepelekwa sesioni ya pili, na sesioni ya pili, kama ulivyotukumbusha, ina pesa yake. Nitalipa. Ila kabla ya hapo naomba unirudishie kiwimbi changu. Nimepita kwa mwenye fotokopi, anasema yeye alipokea karatasi ikiwa hivyohivyo kutoka ofisini kwako. Mwakani profesa akija, mwambie Kifaransa akivue mlangoni kama viatu msikitini, aingie na Kiswahili. Hatutakamatwa. Kimo katika ibara ya kwanza ya Katiba ya 2006, miongoni mwa lugha nne za taifa, na ubao wako wa matangazo haujafikia cheo cha kuifuta. Na dereva wa pikipiki, mpe chumba na wali wa wiki tatu. Itakugharimu kidogo kuliko semina ya kujadili kwa nini wanafunzi wa Maniema hawana kipaji cha lugha, ile mliyoifanya mwezi uliopita, ambapo watu waliozungumza walikuwa kila mmoja ana lugha nne nyumbani kwake.

Naambatanisha risiti ya pili. Haina mhuri. Mwenye mhuri alikuwa na safari ya Kindu Jumamosi ile. Alipanda nyuma ya profesa.

Hasta, yaani hata, sesioni ya pili.

Estoy, samahani, soy mwanafunzi wako,

mtoto wa Kabambare, mwenye miaka 23.