Makosa 7 ya Kanzidata ya Matangazo Madogo: Kutoka la Kusameheka Hadi la Kufukuzwa Kazi

Craig Newmark alianza Craigslist mwaka 1995 huko San Francisco kwa kuwatumia marafiki barua pepe tu. Wewe unaanza na jedwali moja lenye safu 40. Kabla hujalipia seva, kumbuka: muuzaji huandika anavyojua yeye, na jedwali ndilo la kumbana mapema. Twende.

7. Herufi pungufu. Kwenye MySQL, utf8 ya zamani hubeba baiti 3 kwa herufi, ilhali emoji nyingi hutaka 4. Chagua utf8mb4. Muuzaji asiye na vimoto vitatu mwishoni mwa bei hajatangaza, amenong'ona.

6. Picha ndani ya jedwali. Picha zikae stoo ya mafaili. Jedwali lihifadhi njia ya faili, namba ya tangazo na mpangilio. Tena weka kikomo, maana nyumba hupigwa picha kumi na mbili, nane zikiwa za geti.

5. Simu kuhifadhiwa kama namba ya hesabu. Sifuri ya mbele itayeyuka. Ihifadhi kama maandishi kwa mtindo mmoja: +255, kisha tarakimu tisa. Hata mhasibu mkorofi hajawahi kujumlisha namba za simu.

4. Bei kwenye FLOAT. Humo 0.1 jumlisha 0.2 huweza kuzaa 0.30000000000000004. Tumia DECIMAL, na sarafu iwe na safu yake, kwani hadi 2025 nyumba za Masaki, Dar es Salaam, hazikuona aibu kutajwa kwa dola. "Maelewano" nayo ipewe safu ya ndiyo au hapana. Usipofanya hivyo, anayepanga kuanzia bei ya chini atakaribishwa na Land Cruiser ya shilingi 1.

3. Mahali pa kujiandikia. Mkoa, wilaya na kata ziwe majedwali yanayofuatana, mtu achague tu. Ukiacha nafasi wazi utavuna "Kinondoni", "K'ndoni" na "jirani na lami". Kwa dalali, kila kiwanja kiko dakika tano toka barabarani. Kwa helikopta.

2. Sifa zote kapu moja. Gari lina gia, chumba kina luku ya umeme, mbuzi hana vyote viwili. Ukimpa kila mmoja safu zake katika jedwali lile lile, nusu yake itajaa NULL. Kichwa, bei, kundi na muuzaji vibaki kwenye jedwali la tangazo. Sifa za pekee ziingie kwenye jsonb ya PostgreSQL, iliyopo tangu toleo 9.4 la mwaka 2014:

{"vyumba": 1, "sebule": true, "choo": "ndani", "luku": "ya kushea"}

Ongeza faharasa ya GIN, na mpangaji atachuja "ya kushea" kwa sekunde. Ugomvi wa nani kamaliza umeme hauna faharasa.

1. Tangazo lisilokufa. Hili ndilo la barua ya kuachishwa. Weka safu ya hali (rasimu, hewani, limeuzwa, limekwisha) pamoja na tarehe ya kuisha. Usilifute: ujumbe wa wateja na ripoti za utapeli vinaning'inia hapo. Tafuta kwa faharasa inayogusa yaliyo hewani tu. La sivyo, Toyota IST iliyouzwa Pasaka itapigiwa simu hadi Krismasi, na dalali akiiona bado ipo, ataiuza tena.