Megapikseli 45 za Shangazi

Mpiga picha wetu wa harusi amevuta Canon EOS R5. Hongera zake! Megapikseli 45, ukikuza uso wa bibi harusi utahesabu kope moja moja, za kwake na za kubandika. Kisha picha anazirusha WhatsApp, zinabanwa njiani, na shangazi anazitazama kwenye simu yenye ufa. Hata angeziweka kwenye televisheni ya HD kamili, skrini ile ina pikseli milioni 2 na kidogo tu. Zilizobaki ni za kujazia diski.

Utamu uko kwenye lenzi. Hela yote imeishia kwenye bodi, basi fundi wetu kachukua 18-55 ya kamera yake ya kwanza, kaivalisha adapta, kazi inaendelea. Lenzi hiyo ilitengenezewa kihisi kidogo, kwa hiyo kamera yenyewe, bila kumwaibisha mtu, inakata kingo na kubakiza megapikseli 17 hivi. Na keki inapoingia, ukumbi ukizimwa taa, lenzi ikivutwa hadi mwisho inaishia f/5.6. Ile ya 50mm f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa, ingepitisha mwanga karibu mara 10 ya huo. Lakini ni fupi, nyepesi, haina heshima shingoni.

Bei ya harusi kaipandisha tayari. Kamati imekubali bila kubisha: wamemuuliza anatumia kamera gani, hakuna aliyeomba kuona picha.