Mashine ya Pindo

Bagamoyo wapo wanaochagua mashine ya kukatia hei kama kanga, kwa pindo. Trekta la Massey Ferguson 135 la miaka ya 1960, nguvu za farasi 45 hivi, linafungwa mashine pana ya sahani, nyekundu mpaka inaumiza macho, nalo linaguna kama mzee aliyetwishwa samadari. Upau wa meno, unaokata kama mkasi, hutaka nguvu kidogo tu. Watasema huziba kwenye majani yaliyolala, na vichuguu huvunja meno. Kweli huvunja, ila jino ni bamba dogo la pembetatu lenye ribiti mbili, fundi hulibadili chini ya mwembe kabla chai haijapoa. Giaboksi ya sahani ikipasuka, chai hunywewa Dar, wiki nzima. (Na majani yakishakomaa yakakaukia shambani baada ya masika, hata mashine ya dhahabu itakata kuni.)