Kukaribia Matarajio

Ujumbe uliingia kwenye simu ya binti yangu Ijumaa usiku, saa ambayo watu wenye adabu wamelala. Jumatatu, mzazi au mlezi wa kila mtoto wa gredi ya pili afike shuleni akae darasani mpaka watoto watoke. Na asije mikono mitupu: alete vizibo 20 vya soda na chelewa za kutengenezea ufagio.

Binti yangu ni mhudumu wa hoteli Diani na Jumatatu ilikuwa zamu yake. Mumewe yuko Mombasa, na kati yetu na Mombasa kuna feri ya Likoni, kwa hivyo hakuna aliyeuliza zaidi. Wakanigeukia mimi. Mzee aliyestaafu ni kama baiskeli isiyo na kufuli: kila mwenye safari anaichukua.

Shule yenyewe, ambayo siitaji kwa kuwa mjukuu bado anasoma pale, iko ndani kidogo ya barabara ya Ukunda kwenda Msambweni. Bodaboda ikatushusha langoni dakika tano baada ya saa moja na nusu. Pale alisimama kiranja, kitoto cha kunifika kiunoni.

"Babu, chelewa?"

Nikamwambia kwa ukali kwamba dakika tano si kuchelewa, na kwamba mimi niliamka kabla ya adhana ya alfajiri. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua mkono kama anayefagia hewa.

"Nauliza chelewa za ufagio, babu."

Chelewa zilikuwa zimebaki kwenye bodaboda, na bodaboda ilikuwa imeshaondoka kwenda Msambweni.

Jumatatu hupandishwa bendera, basi tukasimama mstarini kuimba Wimbo wa Taifa. Watoto wakanicheka eti babu anasinzia wima. Sikuona aibu. Sauti ya wimbo ule ilitokana na wimbo ambao akina mama wa Kipokomo, kule mto Tana, waliwabembelezea watoto walale. Mimi ndiye pekee niliyeuitikia kama inavyopasa.

Darasani nikapewa nafasi kwenye dawati la mjukuu, magoti yakawa jirani na masikio. Niliwahesabu watoto nikapata 63. Nikarudia nikapata 61. Mmoja alikuwa chini ya dawati na mwingine alikuwa ametoroka na kibali cha kwenda chooni. Mwalimu alikuwa mmoja, binti mdogo wa kutoka bara, na sauti yake tayari ilikuwa imeanza kukwaruza.

Tukaanza na hisabati: 32 toa 17. Hapo nikakaa vizuri. Mimi nilikuwa karani wa mizani Ramisi, nikihesabu tani za miwa mpaka kiwanda cha sukari kilipofungwa 1988. Nikasema 15 kabla chaki haijatoka ubaoni.

"Hongera, babu," akasema mwalimu. "Sasa tuonyeshe kwa vizibo ulivyofika hapo."

Wasomaji, mtu aliyeambiwa alete vizibo 20 ataonyeshaje 32? Nilikopa 12 kwa majirani, nikavipanga, nikavitoa, vikabingirika chini. Mjukuu akanisogelea sikioni: "Babu, fungua kumi moja kwanza." Zamani zetu tuliandika mchangani chini ya mkorosho, na ukipata jibu uliachwa na amani yako. Mtaala huu wa umilisi, ulioingia madarasa ya chini nchi nzima 2019, hauridhiki na jibu. Unataka kujua njia uliyopitia, kama polisi wa kizuizini.

Kisha zikaja lugha. Serikali inataka mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya mahali alipo, na mwalimu wetu Chidigo amejifunza kwa watoto hao hao. Kwenye hadithi, mjukuu akasema "madzi", akapigiwa makofi. Nusu saa baadaye, kipindi cha Kiswahili, akasema "madzi" tena, akarekebishwa: ni "maji". Kipindi kilichofuata akasema "maji", akaambiwa hapa ni "wota". Kiu ilipomshika kweli akanyanyua mkono, kisha akaushusha. Hakujua aombe yapi.

Mapumziko nikatoka na mahamri yangu mawili yaliyofungwa kwenye gazeti, nikakaa chini ya mwembe. Tumbili alishuka kwa utaratibu, akachukua hamri la kwanza mkononi na la pili gazetini, akapanda kuyala mbele yangu. Hakuna mtoto aliyepoteza chochote. Wote walikuwa wakila wameegemeza migongo ukutani, mkono mmoja juu ya chakula. Hilo hawakufundishwa na mtaala wowote. Mjukuu akanimegea nusu ya hamri lake, akanihurumia kwa macho.

Kipindi cha mazingira nikasema afadhali, haya ni mambo ya nyumbani. Mwalimu akauliza mbuzi anatupa nini. Nyama! Maziwa! Ngozi! Mjukuu wangu akasimama.

"Nazi."

Darasa likaanguka kicheko. Mwalimu, kwa upole, akamuuliza mbuzi gani huyo.

"Mbuzi ya bibi."

"Mbuzi wa bibi," mwalimu akamsahihisha.

"La, mwalimu. Wa ni yule anayekula nguo kambani. Hii ni ya. Bibi huikalia, akimaliza kukuna anaikunja anaiweka nyuma ya mlango."

Mwalimu akanitazama mimi. Ikabidi nijinasue kutoka dawatini, magoti yakilia, nimweleze kwamba huku pwani tuna mbuzi wa kuchinjwa na mbuzi ya kukunia, na kwamba wali wa nazi unaousikia harufu yake mchana unaihitaji hiyo ya pili. Nilipoanza kueleza tofauti ya kitale, dafu na koroma, watoto ndio walionimalizia. Mwalimu akachukua kalamu akaandika, na mimi kwa mara ya kwanza siku hiyo nikajiona nina faida.

Raha haikudumu. Kikaja kipindi cha ufagio. Nilikopa chelewa kwa mzazi mwenzangu, nikazifunga kwa kamba, nikapiga sakafu mara moja kujaribu, zikasambaa mpaka ubaoni. Mzee Kimani Maruge alipoingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004, akiwa na miaka 84, hatimaye walimchagua kuwa kiranja. Mimi nilipewa kazi ya kuokota chelewa.

Nilipokuwa chini nikiokota ndipo nilipoona viatu vya mwalimu, nikatambua kwamba sijaviona vikipumzika tangu asubuhi. Hakuketi. Chai yake ilikuwa dirishani na utando juu. Alifuta makamasi, alifunga kamba za viatu, aliamua kesi tatu za kifutio, akajifunza mbuzi ya kukunia, na vitabu 60 na zaidi vilikuwa vikimngoja asahihishe. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja tu wa kumwangalia, na mara nyingi yeye ndiye aliyeniangalia mimi.

Kwa hivyo mnaopanga bajeti, badala ya kutuita sisi wazee tuje tuvunje fagio, mpeni yule binti mwalimu wa pili. Darasa likigawanywa, huenda akapata hata kunywa chai ikiwa moto.

Saa saba tukaachiliwa, kila mzazi na karatasi yake. Yangu iliandikwa kwa wino mwekundu: Kukaribia Matarajio. Mjukuu akanifafanulia njiani kwamba juu yake kuna Kufikia, na juu kabisa Kuzidisha, lakini nisivunjike moyo, kuna wanaopata Mbali na Matarajio. Bibi yake ameibandika karatasi ile jikoni, juu ya mbuzi.

Nawe ukiitwa, nenda. Ila ukishuka bodaboda, hakikisha chelewa ziko mkononi.