Tanzia ya Kilo Kumi na Nane

Wanasheria watasema kwamba mwili wa mtu ni milki yake mwenyewe. Lakini hapa Mikindani ya Mombasa, ambako nyumba zimesongamana kutoka barabara kuu ya Nairobi mpaka kwenye mikoko ya hori la Tudor, na ambako Mswahili, Mgiriama, Mkamba, Mluo na Mtaita husikilizana vikohozi usiku kucha, mwili ni mali ya shirika, na kila jirani ana hisa yake ndani yake. Anayenenepa huhesabiwa kuwa ameongeza mtaji, naye huambiwa mashallah. Anayepungua amefuja amana ya watu, na sharti atoe hesabu. Mimi kwa miaka mingi nilikuwa mshirika mwaminifu, wala hapana aliyewahi kunilalamikia.

Fitina ililetwa na tabibu. Alinipandisha juu ya mizani, akasoma kilo 104. Akanisimamisha ukutani, akapata mita 1 na sentimita 70. Kisha akakizidisha kimo kwa kimo, akagawanya uzito kwa zao lile, akaniambia kwa sauti ya kadhi asomaye hukumu kuwa nimepata 36. Kanuni hiyo asili yake ni ya Mbelgiji wa karne ya 19, Adolphe Quetelet, ambaye kazi yake ilikuwa hesabu na elimu ya nyota, na Shirika la Afya Duniani limeitilia mipaka miwili: afikaye 25 uzito wake umezidi, na afikaye 30 unene wake ni wa kuogopwa. Presha nayo ilikuwa juu, na sukari ilikuwa imekwisha kubisha hodi. Sikuona faida ya kubishana na Mbelgiji aliyekwisha kufa, basi nikaiacha sukari ya chai, nikayaaga mahamri ya asubuhi na viazi karai vya alasiri, nikapunguza wali wa nazi ukabaki wa kuonja, na nikaanza kwenda kazini kwa miguu, kupitia Changamwe na Kibarani mpaka ng'ambo ya Makupa.

Miguu ndiyo iliyonitia hatiani mwanzo. Mtu mzima mwenye kazi, aonekanapo kila siku akifuata ukingo wa barabara kuu huku malori ya bandarini yakimpita, hapana amdhaniaye kuwa anatafuta siha. Hudhaniwa kuwa hana nauli. Makanga mmoja anijuaye tangu utoto wake alilisimamisha matatu mbele yangu, akashuka, akanishika mkono kwa taadhima, akanong'ona, "Mzee, ingia. Leo hulipi." Nikamshukuru, nikamweleza kuwa natembea kwa hiari. Alinitazama kwa huruma kubwa zaidi kuliko ile ya kwanza, maana sasa aliona kuwa mbali na ufukara nimeingiwa na kiburi cha kuuficha.

Baada ya miezi, kola ya shati ilipoanza kuniacha shingo na upepo ukapata njia, watu wakaacha habari ya nauli wakashika habari ya maradhi. Si haki kuwacheka kwa hofu hiyo, kwa kuwa ina asili yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa Kasensero, wakati huo katika wilaya ya Rakai nchini Uganda, kando ya Ziwa Victoria, walianza kukonda na kufa kwa ugonjwa usiojulikana, na wenyeji wakauita Slim. Na mwaka 1985 matabibu wakauandika kwa jina hilohilo katika jarida la Lancet la London. Kwetu Kenya, mwezi wa Novemba 1999, Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba ukimwi ni janga la taifa. Mtu aliyeishi katika zama hizo, akazika sahibu na jamaa walioanza kwa kulegea nguo, hawezi kuiona kola iliyopwaya akakumbuka chai isiyo sukari. Kwa hiyo rafiki yangu mmoja wa tangu chuoni hakuniuliza neno. Alinivuta kando ya msikiti baada ya Ijumaa, akaufinya mkono wangu, akasema kwamba siku hizi dawa zipo, zatolewa bure, na watu wazinywa mpaka waona wajukuu. Nilimsimulia habari ya tabibu, ya mahamri, na ya Mbelgiji. Alinikubalia kila neno kwa upole ule wa mtu amwachiaye mgonjwa siri yake.

Mama yangu yuko Jomvu Kuu, kwa Wajomvu wenyewe, mojawapo ya zile Tisa Taifa za Mombasa, nao ni watu wasiokubali kuwa mgeni ameshiba mpaka aombe radhi. Nilipokwenda kumwamkia alinitazama kutoka gizani mwa ukumbi, akasema, "Ndoo hapa mwangani nikutazame." Nikasogea. "Mwanangu, hiyo shingo ni yako, ama umeazima?" Kisha, bila ya kungoja jawabu, akaingia jikoni, akatoka na sinia ya samaki wa kupaka na mkate wa mofa, akakaa mbele yangu kama mlinzi wa gereza mpaka nikala sehemu ya kumridhi. Jambo lililomkera si ugonjwa. Ugonjwa huletwa na Mola. Lililomkera ni mkaza mwana, ambaye kwa dhana ya mama yangu alikuwa ama hapiki, ama apika bila ya moyo.

Na hapa ndipo nilipojua kwamba mwanamume akonda, lakini anayehukumiwa ni mkewe. Wanawake wa mtaani walikuwa wakimpa pole kwa mdomo na lawama kwa macho, na mmoja aliyekuja kuazima kinu alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye sufuria akaifunua, ili apate kutoa ushahidi kwa elimu ya yakini. Mke wangu, aliye mtu wa fahari na wa ukoo mkubwa wa mapishi, alivumilia kwa muda. Kisha akaihamisha seredani kutoka uani akaiweka barazani, mbele ya uso wa umma, akawa akikaanga samaki, akichoma sambusa, akipika kaimati zisizokuwa na Ramadhani, na moshi wake ukipaa mpaka nyumba ya saba. Chakula hicho kililiwa na watoto wa jirani. Wao, alhamdulillahi, wamenawiri.

Shangazi yangu hakushughulika na sufuria. Yeye alikuwa na hakika kuwa ni jicho la hasidi, na uhasidi wenyewe aliusawiri kwa uhodari: mtu fulani kazini aliona tumbo langu, akalitamani. Akaja na kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani katika sahani nyeupe na kukoshwa kwa marashi ya mawaridi, akanisimamia mpaka nikalinywa lote. Sikumkatalia, kwa kuwa katika yote niliyopewa msimu ule ndicho kitu pekee kisichokuwa na wanga.

Wa kufurahisha zaidi alikuwa mweka hazina wa chama chetu cha kuzikana. Ni Mkamba mpole, mwenye daftari refu na kalamu ya akiba, na alifika kwangu baina ya magharibi na isha, saa ambayo watu wastahifu hawatoki ila kwa jambo zito. Alisema hana neno, apita tu akipanga hesabu. Na katika kupanga hesabu huko ameona kwamba nimechelewesha michango, na ya kuwa kanuni za chama, Mungu aepushe, haziruhusu mwenye deni kusafirishwa. Akauliza kwetu ni wapi. Nilipomjibu Jomvu Kuu alishindwa kuificha furaha yake, kwa kuwa wanachama wengi wa chama kile hupelekwa Ukambani, Taita na hata Nyanza, na gharama ya gari ndiyo inayokula mfuko. Nami ningeweza kubebwa hata na tuktuk. Nilimwambia kuwa nina kilo 86, na kwa kanuni ya Quetelet hiyo ni 29 na ushei, basi huko Geneva yalipo makao ya Shirika la Afya Duniani mimi ningali katika daftari la wanene. Aliandika "86" pembezoni mwa ukurasa, nadhani kwa ajili ya wachukuzi.

Alipokwisha kwenda nilimkumbuka William Banting wa London, ambaye kisa chake kingemfaa bwana yule. Banting naye alikuwa mtu wa mazishi: nyumba yake ya biashara ndiyo iliyosimamia maziko ya wafalme wa Uingereza. Unene ulimfikisha hata akawa hawezi kuinama kufunga viatu, na aliyemponya alikuwa tabibu wa masikio, Dkt. William Harvey, ambaye Banting alimwendea kwa sababu alikuwa hasikii vizuri. Tabibu akamkataza mkate, sukari, bia na viazi. Mzee akapungua ratili 46 katika muda wa kama mwaka, na mwaka 1863 akachapisha waraka kuwajulisha watu wote. Waraka ule ulipata wasomaji wengi, na wadhihaki wengi pia. Lakini hata London nzima ikimdhihaki, Banting alikuwa na salama moja nisiyokuwa nayo: mweka hazina wa mazishi alikuwa ni yeye mwenyewe.

Benki moja mjini nayo ilinipa siku ya kukumbukwa. Binti wa dirishani aliitazama picha ya kitambulisho, akanitazama, akairudia picha, kisha akaniuliza kwa adabu kama mwenye akaunti ni kaka yangu. Aliitwa mkubwa wake, nikaulizwa jina la mama, nikatia sahihi mara tatu, na sahihi, kwa kuwa haikufuata lishe, ikatoka nene kama zamani. Mambo yalikuwa yakielekea kwa askari wa mlangoni, mpaka mzee mmoja wa Mikindani aliyekuwa nyuma yangu katika mstari alipopaza sauti akanishuhudia mbele ya kaumu: "Ni yeye huyo, binti, mpe pesa zake. Ni yeye, ila ameisha."

Ilibaki suala la suruali. Zile ambazo zamani zilikuwa zikinishika, sasa nilikuwa nikizishika mimi, na siku za mvua nilipopanda matatu nilihitaji mkono mmoja wa kujizuia, mmoja wa nauli, na wa tatu wa kiuno, ambao sikujaaliwa. Nikazikusanya zote nikampelekea fundi cherehani wa mtaani, ambaye ndiye aliyezishona na kuzipanua kila mwaka wa neema. Alinizungushia kamba ya kupimia, akakitazama kipimo, akakitazama tena, asiseme kitu. Nilipozirudia nilikuta kazi nzuri na mshono umenyooka, ila kiuno kilikuwa kizito ajabu, kwa kuwa kitambaa chote kilichozidi kilikunjwa na kulazwa ndani. Nikamwomba akikate.

Fundi akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

"Sikati, mzee," akasema. "Nimekukunjia, na uzi nimeupitisha mmoja tu. Siku ukipona, inshallah, uniletee nizifumue. Wala sitakutoza."