Fundi wa Kuseti

Shangazi alikuwa na harusi jioni ile, na tangu alfajiri alikuwa akimsubiri msusi. Simu ilipolia, sauti ya kijana ikasema, "Mama, nipo njiani, nakuja kuseti." Shangazi akafurahi. "Wahi mwanangu, nimeshaziosha!" Kijana hakuuliza kilichooshwa ni nini. Mafundi wetu kwa kuuliza si hodari.

Akaingia uani na mzingo wa waya begani. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda, taulo kichwani, maji yakimchuruzika shingoni.

"Shikamoo mama. Dishi liko wapi?"

"Marahaba. Lile pale, chini ya bomba."

Kijana akalitazama dishi la plastiki lililojaa povu, akatazama juu ya bati, kisha akaninong'oneza: "Bro, mama yuko salama?" Alikuwa fundi wa king'amuzi, niliyemwita mimi kwa ajili ya mechi ya Simba na Yanga.

Balaa hili la neno "kuseti" lina asili yake Uingereza. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989 lenye juzuu 20, inakipa kitenzi "set" maana zipatazo 430. Hakuna neno lililokula kurasa nyingi kuliko hilo humo ndani. Mwingereza hulitumia jua linapokuchwa, meza inapoandaliwa, mtego unapotegwa, mtihani unapotungwa, mfupa unapoungwa na zege linaposhika. Sisi kila kazi hapo ilikuwa na kitenzi chake, tena chenye ujuzi. Bado tukaenda kumwajiri kibarua huyu wa kigeni, tukampachika irabu mwishoni, tukamkabidhi saa, simu, king'amuzi na vichwa vya shangazi zetu. Wanasiasa nao huseti mitambo, na hiyo haihitaji hata waya.

Msusi alifika saa nane, fundi akiwa bado juu ya bati. Palikuwa na soketi moja tu inayofanya kazi, na kati ya draya na king'amuzi, nani angethubutu kubishana na mwanamke mwenye harusi? Shangazi alitoka amependeza kweli. Mechi niliisikiliza kwa jirani, kupitia ukuta.

Nawaomba mafundi na wasusi wote: mkipiga simu, tajeni na hicho mnachokuja kukiseti.